Sauti Kabla ya Kisu

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari ameibana kwa midomo, nyundo mkononi, alipoviona viatu kabla ya kumwona mwenyewe. Vilikuwa vile viatu vyeusi vya kazini ambavyo Chiriku alivilalamikia kila siku kwamba vinamuumiza, na kila siku akavivaa vilevile. Hakuinua kichwa. Moyo ulikuwa umeshaanza kumwenda mbio, na yeye alikuwa na hasira nao.

"Hodi."

Akaitema misumari kiganjani. "Tumefunga."

"Mbona mlango uko wazi?"

"Uko wazi kwa wateja."

"Basi nihesabu mteja." Chiriku akaingia, akaruka rundo la vipande vya sponji, akasimama katikati ya makochi yaliyochunwa ngozi. "Gitaa lako lipo?"

Fundi akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya siku hii. Usiku mwingine aliyasema peke yake kitandani, makali, yamepangika. Sasa yote yalimponyoka akabaki na moja tu.

"Gitaa?" Akacheka kicheko kikavu. "Wiki nenda wiki rudi nakupigia simu hupokei. Nimefika mpaka getini kwenye shule yenu, mlinzi ananiambia mwalimu amesema hataki kuonana na mtu. Leo unaingia kama uliyetoka dukani kununua chumvi, unaniuliza gitaa?"

"Nataka kuimba. Ule wimbo wetu. Uutie kwenye mashine yako, leo hii, sasa hivi. Ukimaliza nitaondoka, sitakusumbua tena."

"Na nisipotaka?"

"Nitauimbia hapahapa mlangoni. Wateja wako watanitafutia daktari wa akili."

Alitaka iwe mzaha, lakini midomo ilimtetemeka. Hapo ndipo Fundi alipomtazama vizuri. Alikuwa amekonda. Macho yamemwingia ndani. Na mchana ule wa joto la kuyeyusha gundi, alikuwa amejizungushia mtandio shingoni kama mtu wa nchi ya baridi.

"Ni yule mhasibu aliyeletwa na mjomba wako?" Fundi akauliza taratibu. "Amekuposa, si ndiyo? Umekuja kuniaga kwa wimbo."

"Yule? Anayehesabu vijiko kabla ya kula?" Chiriku akatikisa kichwa. "Hapana. Sina mwanaume mwingine. Usiniulize kitu, nakuomba. Washa mashine tu."

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, na watoto wake ndio waliompa jina la Chiriku, kwa kuwa hakuwahi kuwaamrisha jambo bila kuliimba. Kunawa mikono kulikuwa na wimbo wake, kupanga foleni kulikuwa na wimbo wake, hata kupenga kamasi kulikuwa na wimbo. Fundi hakuwahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti kavu namna ile. Akafunga mlango wa mbele, akamwongoza hadi chumba cha nyuma.

Kilikuwa chumba chake cha kulala, na ndicho kilichokuwa studio. Kuta alikuwa amezibandika mabaki ya sponji ya makochi, ya njano, ya kijani, ya kijivu, mpaka mtu akiingia sauti yake mwenyewe inamwishia mdomoni. Dirisha lilizibwa na godoro la mgeni. Maiki ilisimama juu ya mpini wa ufagio uliochomekwa kwenye mguu wa kochi, imevishwa soksi ya kike ili kukata upepo wa pumzi. Soksi hiyo ilikuwa ya Chiriku. Wote wawili waliiona, wote wawili wakatazama kando.

Fundi akazima feni, akachomoa friji, akaifungua kompyuta yake kuukuu. Akachukua gitaa, akakaza kamba moja iliyolegea. Shingoni akajivisha waya alioukunja kutoka kwenye springi ya kochi, akauchomekea kinanda chake cha mdomo.

"Tuanze na gitaa peke yake," akasema bila kumtazama. "Halafu uimbe juu yake. Kinanda nitakiongeza mwisho. Ukikosea tunarudia kipande."

"Hapana. Vyote kwa pamoja. Mara moja."

"Kinanda kina kelele, kitakumeza."

"Geuza uso ukipuliza. Kaa mbali kidogo, mimi nisogee karibu. Sina cha kurudia."

"Huna nini?"

"Nimesema usiniulize."

Akaiweka maiki usawa wa mdomo wake, akavaa hedifoni. "Sema neno, nipime sauti."

"Neno," akasema Chiriku, kama alivyozoea kumtania, na mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta ukaruka.

Fundi akatulia. Hedifoni ile ilikuwa na tabia ya kumsogeza mtu mpaka ndani ya sikio, ukamsikia hata anapomeza mate. Na Chiriku alipomeza mate, Fundi alisikia kitu kama mlango unaokwaruza sakafu. Akaongeza sauti. Akafumba macho.

"Vuta pumzi."

"Kwa nini?"

"Vuta tu."

Akavuta. Mwisho wa pumzi kulikuwa na mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya palipobanwa. Fundi alizijua pumzi za mwanamke huyu. Alishazirekodi mara nyingi, akazikata, akazipanga, akajua anapumua wapi katika kila mstari. Mluzi huu hakuwahi kuusikia.

Akavua hedifoni. "Una nini kooni?"

"Mafua."

"Chiriku."

"Ni mafua, nakwambia!"

"Mashine hii haijui kudanganya. Vua mtandio."

Chiriku akaishika ncha ya kitambaa kwa vidole. Kisha akaufungua, akauweka mapajani. Chini ya koo, upande wa kushoto, ngozi ilikuwa imetuna, imenyanyuliwa na kitu kigumu cha ukubwa wa limau.

Fundi akakaa juu ya ukingo wa kitanda.

"Keshokutwa asubuhi wananipasua," Chiriku akasema. Sasa maneno yalimtoka haraka, kama mtu anayemwaga maji kabla ndoo haijamponyoka. "Hakuna namna, uvimbe umeanza kunibana pumzi. Daktari anasema mshipa unaopeleka sauti umepita palepale, umeshikana nao. Wakiutoa uvimbe, mshipa unaweza kukatika. Nitakula, nitatembea, nitaishi kama watu. Kama nitaimba ndiyo daktari hajui. Hata kama nitaongea hajui."

"Na ulijua lini?"

"Siku niliyoacha kupokea simu zako."

"Ukaona dawa yake ni kuniacha?"

"Niliona nikuache mimi kabla hujaniacha wewe!" Akajipiga kifua kwa ngumi. "Ulinipenda nikiimba. Usikatae! Siku ya kwanza ulikuja shuleni kutengeneza kiti cha ofisini, ukasimama dirishani kwangu mpaka kengele ikalia, kiti hukukigusa. Sauti ndiyo iliyokuleta. Ikiondoka nitakushika kwa kitu gani? Nitakaa hapa nikikunyooshea vidole kama kichaa, wewe unanionea huruma, na huruma ikiisha?"

"Nani amekutia maneno haya kichwani?"

Chiriku akainamisha uso.

"Nani?"

"Tuimbe," akanong'ona. "Nakuomba. Maji yamenifika shingoni."

Fundi akaweka gitaa chini. "Siwezi. Nikiwasha mashine hii nitakuwa nakuzika. Nitakuwa nimekubali kwamba haitarudi."

"Na usipoiwasha, nitaingia kule na wimbo wangu tumboni. Utoke na uvimbe ndani ya ndoo, usiusikie tena wewe wala mimi." Akamshika mkono wenye sugu za nyundo na kamba. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Unataka nikulilie? Nimeshalia mpaka nimekauka. Sikuja kupewa pole. Nimekuja kwa mtu pekee anayejua napumua wapi."

Fundi alimtazama. Alitaka kumkumbatia, akaogopa kwamba akimkumbatia wote wawili hawatanyanyuka tena. Akajikaza. Akaokota gitaa.

Alikuwa amepiga nyuzi za mwanzo tu pale mlango wa mbele ulipogongwa. Haikuwa hodi ya mteja. Ilikuwa hodi ya mzazi.

"Fungua! Najua mwanangu yumo!"

"Ni Mama," Chiriku akasema, akafumba macho.

Mama yake Chiriku alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye bangili zilizotangulia kufika kabla yake popote alipokwenda. Fundi alimfungulia, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Sijaja kuamkiwa." Akampita, akafuata mlango wa nyuma uliokuwa na mwanga. Alipomwona binti yake mbele ya maiki, shingo wazi, akaweka mkono mdomoni. "Mtoto wewe! Daktari amekwambia upumzike, wewe umekuja kuimba? Unataka koo lipasuke?"

"Daktari hakukataza kuimba, Mama. Nilimuuliza."

"Mimi nakataza! Kwani ni nini kilichokufikisha hapa kama si huku kuimba usiku na mchana na huyu?" Akamgeukia Fundi. "Tangu ulipoingia na hilo gitaa lako nyumbani kwangu sijalala. Nilisema, mmoja anaimba, mwingine anapiga, nani atapika? Nikaonekana mbaya. Sasa tazama! Umemnyonya mtoto sauti mpaka koo limevimba."

"Mama, uvimbe hauji kwa kuimba," Fundi akasema.

"Unanifundisha? Wewe fundi makochi?"

"Mama!" Chiriku akasimama. "Yeye hakujua kitu. Leo ndiyo amejua."

Fundi aliona jambo likipita usoni mwa Mama, haraka, kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake mfukoni. Akaelewa.

"Ni wewe, Mama," akasema polepole. "Wewe ndiye uliyemwambia kwamba nikimkuta hana sauti nitamkimbia."

"Nilimwambia ukweli wa dunia." Lakini sauti ya Mama ilikuwa imeshuka. "Wanaume nimewaona. Mtu akipenda mbuga kwa maua, jua likiwaka hurudi kwao. Sikutaka aamke pale kitandani hana sauti, halafu akutafute na wewe akukose. Mapigo mawili kwa siku moja, angeyabeba wapi? Bora lile moja alimalize mapema." Macho yalimjaa maji, akayakaripia kwa kuyapangusa kwa kiganja. "Nina huyu mmoja. Wewe unanielewa? Huyu tu."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, na chumba kile cha sponji kikaumeza mlio wake ukasikika kama unatoka nchi nyingine.

"Mama," Chiriku akasema. "Niache niimbe wimbo mmoja. Nikimaliza nitakwenda na wewe, nitalala, nitanyamaza, nitafanya lolote. Huu tu."

Mama akamtazama mwanawe, akaitazama soksi juu ya mpini wa ufagio, akamtazama Fundi. Akaketi kitandani kwa uzito, kitanda kikalia.

"Usitikisike, Mama," Fundi akamwambia kwa upole. "Maiki inasikia kila kitu. Na bangili, samahani."

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, mwanamke yule alimtii. Akavua bangili moja baada ya nyingine, akazifunga ndani ya mtandio wa binti yake, akazikumbatia kifuani.

Fundi akawasha. Akahesabu kwa kichwa, akapiga. Gitaa lilianza chini, taratibu. Akageuza uso pembeni, akapuliza kinanda mistari miwili ya kufungulia njia, na Chiriku akasogea karibu na maiki mpaka midomo ikagusa soksi.

*Nikichelewa njiani, taa yangu usizime,*
*Wakikwambia sirudi, cheka nao, usiseme,*

Haikuwa sauti ile ya zamani iliyowavuta watu dirishani. Ilikuwa na makovu. Ilikwaruza kwenye maneno ya chini, ikapanda kwa shida kwenye yale ya juu, na kila ilipopanda mishipa ya shingo ilisimama na lile limau likapanda nalo. Fundi alitaka kuacha kupiga. Vidole vilimkatalia. Viliujua wimbo, navyo viliendelea.

*Nikifika nimechoka, unishike nisimame,*

Mstari wa nne haukutoka. Chiriku alifungua mdomo, akavuta pumzi mahali palepale anapoivuta siku zote, kikaja kile kimluzi tu. Akajaribu tena. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye soksi. Akamtazama Fundi kwa macho ya mtu anayezama anayemtazama aliye ukingoni.

Fundi akageuza uso, akauimba mstari ule kwa kinanda. Akaupuliza polepole, neno kwa neno, kana kwamba kile kibati kilikuwa na ulimi. Chiriku akaufuata kwa midomo bila sauti. Walipofika mwisho wake sauti ikamrudia kidogo, akaingia tena ubeti wa pili, na hivyo ndivyo walivyoumaliza wimbo. Pale alipokatika, Fundi alimshikia. Palipomrudia, Fundi alimpisha. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa lile furushi la bangili, mabega yanaruka, hatoi hata kwikwi.

Uzi wa mwisho ulipofifia, Fundi akasubiri mpaka kimya kikaingia chote kwenye mashine. Akazima.

"Umemaliza?" Mama akauliza kwa sauti iliyopwaya.

"Nimemaliza."

"Twende."

Mlangoni, Chiriku akamgeukia. Sasa aliongea kwa kunong'ona, kama mtu anayetunza akiba. "Usije hospitali. Nikiweza kuongea nitakupigia mwenyewe, utanisikia. Simu isipolia, usinitafute. Niahidi."

"Siahidi."

"Niahidi!"

"Chiriku, hata ukinichoma kwa pasi, hiyo sitakuahidi."

Mama akamvuta mkono. Wakaondoka na jua la alasiri, binti mbele, mama nyuma akimfunika shingo na mtandio huku anatembea, bangili zikidondoka na kuokotwa. Fundi akarudi ndani. Hakuusikiliza ule wimbo. Alikaa sakafuni akiegemea kochi la mteja, nyundo karibu naye, na kama kuna mteja aliyebisha hodi siku ile, hakumsikia.

Siku ya upasuaji alifika hospitali kabla milango ya kuwaona wagonjwa haijafunguliwa. Mama alikuwa kwenye benchi la ukutani. Alimwona, akasogeza mkoba wake upande ule ambao Fundi angekaa. Fundi akasimama. Walikaa hivyo, mmoja kwenye benchi, mwingine wima, mpaka daktari alipotoka akivua kofia ya kijani.

"Uvimbe tumeutoa wote," daktari akasema. "Haukuwa wa ile aina mbaya. Atapona."

"Na sauti?" Mama akauliza.

Daktari akakunja kofia mara mbili. "Mshipa ulikuwa umeshikana nao. Tumejitahidi tusiukate, lakini umeumia. Sauti inaweza kurudi baada ya miezi. Inaweza isirudi. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha."

Waliruhusiwa kuingia jioni. Chiriku alilala akitazama dari, bandeji nyeupe shingoni, mrija mwembamba ukitoka chini yake. Alipomwona Fundi uso ulimbadilika. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Akafumba, akafungua tena, akasukuma kwa nguvu mpaka bandeji ikatikisika, na ndipo Fundi alipoona macho yake yakijaa hofu aliyokuwa ameificha wiki zote zile. Akageuza uso ukutani.

"Ondoka, mwanangu," Mama akamnong'oneza Fundi. Lilikuwa neno la kwanza la upole kutoka kwake. "Hataki umwone hivi. Usimwongezee."

Fundi akazunguka kitanda, akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta, mahali pembamba ambapo mtu hakai, mpaka uso wa Chiriku ukawa mbele yake. Chiriku akamtazama. Midomo ikatamka neno, taratibu, herufi kwa herufi, mtoto mdogo angelisoma.

*Ondoka.*

"Sawa," Fundi akasema. "Nitakaa."

Chiriku akatikisa kichwa kidogo, akauma midomo kwa maumivu, akatamka tena kwa hasira.

*Ondoka!*

"Nimekusikia. Nitakaa."

Akatamka mara nyingine, na mara nyingine, machozi yakimwingia masikioni, na kila mara Fundi alimjibu jambo lilelile kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha, mpaka midomo ikachoka. Ikabaki wazi kidogo, ikitetemeka, haisemi kitu.

"Hajakwambia ukae," Mama akasema kutoka upande wa pili.

"Najua, Mama."

Mama alimtazama muda mrefu mwanaume yule aliyebanwa ukutani, fulana ina vumbi la sponji, hana hata mahali pa kuweka miguu. Kisha akanyanyuka kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akakipitisha juu ya kitanda kwa mikono miwili, akampa.